Fundi Aliyewasukuma Wenzake

Teksi ilizunguka jengo zima kabla dereva hajaupata mlango wa wagonjwa wa mionzi. Nesi alishuka kwanza, akampa mkono mama mkwe wake. Hospitali hii kubwa hakuna kati yao aliyewahi kuikanyaga.

"Tazama pazia lile," mama mkwe akasema, macho juu madirishani. "Refu upande mmoja. Fundi wao alikuwa na haraka ya kwenda wapi?"

Mtaani kwao alijulikana kama Mama Pindo, kwa kuwa pindo aliloshona yeye halikufumuka hadi nguo yenyewe ichakae. Zahanati ilipoanza kuwapima wanawake saratani ya mlango wa kizazi, ndiye aliyeshona shuka za kujifunika. Kila mteja aliyemletea kitambaa alimsukuma huko.

"Nenda, shoga. Usimngoje mumeo akuruhusu, yeye mlango huo hana."

Wanawake walicheka, wakaenda.

Yeye hakwenda. Mpimaji wa zahanati ile alikuwa mmoja tu, naye ni nesi huyu, mke wa mwanawe.

Alimwambia nesi kwamba amepimwa mjini, alikokwenda kununua nyuzi. Nesi hakuuliza majibu. Alishusha pumzi, kwani na yeye angeanzaje kumwambia mama mzazi wa mumewe apande kitandani, atanue miguu? Wakasitiriana hivyo miaka ikapita, mpaka damu iliyokoma zamani ikaanza kutoka tena. Hata hapo Mama Pindo aliificha kwa mabaki ya vitambaa, hadi harufu ikamsaliti. Sasa daktari wa hospitali ya wilaya alishasema: mionzi itatuliza maumivu, kupona hakupo.

Kwenye benchi nesi alishindwa kujizuia. "Mama, ningemwita mwenzangu wa zahanati nyingine. Ningetoka nje kabisa."

"Najua, mwanangu. Niliona haya." Akamnyoosha kola ya sare. "Na wewe uliona, usinidanganye."

Mhudumu alifika na kiti cha magurudumu. "Kuna ndugu wa kumsaidia kuvua nguo?"

Nesi akainuka.

"Kaa, mwanangu," Mama Pindo akasema, kwa upole wa siku zote. "Nitavua mwenyewe."

Kiti kikasukumwa ndani. Nesi akabaki amesimama mbele ya mlango uliofungwa, mikono haina kazi.