Asubuhi ya Wimbi Jipya

Jana kwenye kinu cha kusaga, mtu alimwaga gunia la wimbi, na ile harufu ya vumbi tamu ikanirudisha kwenye shamba la mzungu tulikokaa nikiwa msichana mdogo.

Wimbi likikomaa, hakuna aliyelionja kabla nyanya yangu hajautazama mwezi na kuchagua siku. Siku ilipofika alituongoza kilimani alfajiri, wanawake na watoto, na kibuyu cha maziwa mkononi. Kule chini kengele ya kazi ikalia. Nyapara, mtu wa kabila letu aliyekwisha kubatizwa, akapanda mbio kututafuta.

"Mama, leo ni kazi. Bwana anangoja."

"Leo ni siku ya Mungu," nyanya akasema taratibu. "Ngoja jua litoke."

Nilidhani nyapara atampiga. Nyanya akageukia mashariki, akanyunyiza maziwa, akarusha wimbi, akawaombea uzima watoto na ng'ombe, kisha akaanza kutugawia punje za kuonja. Nilipotazama nyuma, nyapara alikuwa amevua kofia. Akakinga kiganja kama sisi, akapewa punje zake, akatafuna polepole.

Tuliposhuka, bwana alikuwa getini amekasirika. Akauliza nani amewachelewesha watu.

"Ni mimi," nyapara akasema.