Majina Yaliyohamia E

Ofisi ya parokia moja hapa Mpanda bado inatunza majina ya waliobatizwa kwenye kompyuta ya zamani, ile ya skrini nyeusi. Juzi fundi alifunga diski ya pili, majina yote yakatoweka. Binti aliyefuata cheti cha ubatizo, ndoa yake Jumamosi, alikaa sakafuni.

Akaitwa karani mstaafu. Mama huyo alifika na matope ya shambani miguuni.

“Nyie mmeongeza diski?”

“Ndiyo, mama.”

“Basi diski hiyo mgeni imekalia D, herufi ya chumba cha majina kwenye mashine; majina yamesogea E. Hayajapotea.”

Kwa kidole kimoja akaandika mstari mmoja, kuiambia mashine ikiombwa D ifungue E. Majina yakajaa skrini, la binti likiwamo. Fundi akavua kofia.

Mimi picha ya ubatizo wa mwanangu imo kwenye simu hii hii ninayoandikia, na sijui iko wapi.