Fimbo ya Kuvulia ya Baba

Juzi, ufukweni Tanga, nilimwona mtu akisuuza fimbo yake ya kuvulia, na wivu wa zamani ukanirudia.

Baba yangu alikuwa mwalimu, mtu wa pwani aliyepangiwa kazi Kasulu, mbali kabisa na bahari. Mchana mmoja, harufu ya maharage ikitoka jikoni, aliketi kibarazani na fimbo yake ndefu, akamwita dada yangu Zuhura. Mimi hakuniita.

"Mashine ya kukunjia mshipi inakaa hapa," alimwambia, akimwonyesha vishikio viwili. "Hiki cha plastiki samaki mkubwa atakipasua. Tufunge hiki cha chuma kisichoshika kutu. Ukitoka baharini kioshe chumvi, kisha tia mafuta kwenye nati."

Zuhura alikaza nati kwa vidole. Ikalia kwi, kwi, kwa sababu ya vumbi jekundu lililoingia. Baba akaifuta, akaidondoshea mafuta ya cherehani, wakacheka pamoja.

"Na mimi je, baba?"

"Zuhura anahamia kwa bibi, Tanga. Fimbo atakwenda nayo."

"Mimi nitapata nini?"

Baba alinitazama kwa mshangao. "Wewe unabaki na mimi, mwanangu."

Nikaangua kilio, nikidhani nimeadhibiwa. Zuhura naye alikuwa ameinama, akiendelea kukaza nati iliyokwisha kukazwa, machozi yakimdondokea mikononi. Kwa wivu niliokuwa nao, niliamini kwamba analia kwa furaha.