Siku Nilipomwita Mpiga Picha wa Vilio

Mkiniona nacheka ninapolisimulia jambo hili, jueni ilinichukua miaka kulicheka, maana hata leo kuna njia za Kikula, pale Likasi, ambako nikipita kuna wamama wananiangalia, halafu wanaangaliana, halafu wanaziba midomo kwa vitenge. Wana haki. Waliniona siku ambayo hakuna mwanamume anayependa kuonekana.

Ilikuwa miaka ile mambo yalipoharibika. Kiwandani tulienda kila asubuhi kwa mazoea tu, mishahara ikawa hadithi, na tangu maduka ya mjini yaporwe hata msumari ulikuwa taabu kuupata. Katikati ya hayo mke wangu, Béa, akajifungua mtoto wa kike, mdogo sana, na kitu cha kwanza alichoniomba hakikuwa sabuni wala sukari, ilikuwa picha. Nilimwelewa. Mtoto wetu wa kwanza alifariki kabla hajaanza hata kucheka, hatukuwahi kumpiga picha, na siku moja Béa aliniambia, akichekecha unga, kwamba sura ya yule mtoto inaanza kumtoka kichwani. Kwa huyu hakutaka kungoja tuone kama ataishi.

Basi nikatoka kutafuta mpiga picha. Studio ya mjini, ile yenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji, ilikuwa imebaki na pazia tu. Yule wa sokoni alikuwa na kamera lakini filamu hana (na bado alikuwa anawapiga watu picha, anawaambia warudi kesho). Aliyekuwa na filamu ni Papa Kalenga, na Papa Kalenga watu wote walimjua kwa kazi moja, kupiga picha za maiti, kwa sababu ndugu walio mbali, wasioweza kufika mazishini, lazima angalau waione sura ya mwisho, kwa hiyo ukiiona baiskeli yake na koti lake jeusi mlangoni kwa mtu, unajua pana kilio. Nikajiambia kamera ni kamera. (Kosa liko hapo. Mengine yalijiendea yenyewe.)

Akaja Jumamosi mchana, akaegesha baiskeli mlangoni, akaingia, akavua kofia na kumpa Béa mkono.

"Pole sana, mama."

"Pole ya nini, papa? Mutoto iko muzima!"

"Ah, pardon, pardon. Ni kinywa tu, ilizoea."

Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo akasogeza meza dirishani, akatandika shuka jeupe, akamlaza juu yake mtoto aliyevishwa gauni jeupe la ubatizo, na kwa kuwa mikono nayo ina mazoea yake, akamkunjia vidole vizuri juu ya kifua. Mtoto alikuwa amelala fofofo. Béa akatokwa na machozi, ya furaha au ya hofu hata yeye hajui. Mimi, kwa kutaka na mimi nitokee kwenye picha nikiwa safi, nilikuwa nyuma ya nyumba, katika bafu letu la mabati, sabuni kichwa kizima.

Ndipo jirani yetu Mama Mujinga (kwetu Mujinga ni jina la mtu, si tusi) akapita dirishani. Akaona baiskeli, koti jeusi, meza, shuka, mtoto mikono kifuani, mama analia. Hata ningekuwa mimi.

"Yoo! Mutoto wa Béa! Mutoto wa Béa, weee!"

Kwetu kilio hakingoji tangazo. Ndani ya muda mfupi wanawake walikuwa wamekaa chini uani, moto umewashwa, wanaume wanatoa viti nje ili watu wapate pa kukaa. Béa aliposikia alitoka mbio kuuliza ni nani aliyekufa, na kabla hajamaliza kuuliza wamama watatu wakamkumbatia kwa pamoja, uso wake ukazama vifuani mwao, maneno hayatoki. Na Papa Kalenga? Papa Kalenga maisha yake yote amefanya kazi katikati ya vilio, hakuinua hata kichwa, aliendelea kurekebisha lenzi yake.

Nilipofuta povu machoni na kuchungulia, nikaona kochi langu linatoka mlangoni miguu juu. Nikajifunga taulo, nikatoka mbio.

"Mutoto iko muzima! Iko nalala tu! Iko muzima!"

"Ee Mungu wangu," mtu akasema, "kichwa inamupotea. Mumukamate!"

Wakanikamata wenzangu wa kiwandani wanne, watu wa kubeba vyuma, na kwa upendo wote. Kadiri nilivyopiga kelele kwamba mtoto ni mzima ndivyo walivyonibana na kuniambia, "Lia tu, ndugu, lia." Nikajitupa huku, nikajitupa kule, taulo likaamua kubaki peke yake.

Na hapo hapo mama mkwe wangu akatokea njiani, anatoka Kapolowe, kikapu kichwani, kuku kwapani, amekuja kumwona mjukuu.

Asiyejua desturi yetu hataelewa. Kwetu mkwe hali chakula mbele ya mama mkwe, akikutana naye njiani anapisha, na tangu nioe nilikuwa sijawahi kumtazama usoni. Sasa yeye akanitazama mimi mzima.

Akageuka haraka, akanipa mgongo, kikapu kikaanguka. Nilitaka ardhi ipasuke. Halafu ndani ya nyumba kikatoka kilio kingine, chembamba, cha hasira, cha mtu aliyeamshwa bila kuulizwa. Vilio vya uani vikakatika, watu wote wakageukia dirisha.

"Ile ni nani iko nalia?" mama mkwe akauliza, bado amenipa mgongo.

"Ni mujukuu yako, mama!" Béa akapata pumzi mwishowe. "Njo yeye iko nalia!"

Vigelegele vilivyopigwa pale sijavisikia tena. Mtu akanifunga kitenge chenye maua. Papa Kalenga akatokea mlangoni, akatazama umati, akasema, "Bon. Ya mutoto nilisha kumaliza. Nani anafuata?"

Nilipopata sauti nilianza kuomba msamaha na kuwarudishia watu vitu vyao, maana kila mmoja alikuja na cha kilio, mwenye unga, mwenye makaa, mwenye samaki wakavu. Mama Mujinga akanikatiza.

"Bunga ya kilio hairudie ku nyumba. Mutapika, mutakula, Béa apate maziba."

Na maziwa yalipatikana. Watu wale hawakuwa na mishahara kama mimi nisivyokuwa nayo, wengine najua siku ile walilala na chai tupu, na bado walinijia mbio wakidhani nimefiwa. Nawashukuru mpaka leo, hata wale wanne.

Ikabaki aibu ya mama mkwe, ambayo kwetu huondolewa kwa kuku, na mimi kuku sina. Mama mkwe akamwita Mama Mujinga pembeni, akampa yule kuku wa Kapolowe. Mama Mujinga akaniletea nyuma ya nyumba, mimi nikamrudishia yeye, naye akampelekea mama mkwe akiwa amepiga magoti: "Mukwe wenu anaomba pardon." Mama mkwe akampokea kuku, akampapasa kifua kama hajawahi kumwona. "Kuku muzuri," akasema. "Bamutunza muzuri." Jioni Béa akanywa mchuzi wake.

Nimeapa: picha ikipigwa kwangu, kwanza nazunguka kwa majirani wote kuwaarifu, na kuoga nimeoga jana yake.

Filamu ilisafishwa Lubumbashi, ikakawia. Papa Kalenga alipoileta picha hakutaka kukaa. Uso ulikuwa umetoka vizuri, lakini mkono mmoja ulikuwa kama moshi mweupe tu, kwa sababu mtoto aliamka na kuurusha wakati ule ule mzee alipobonyeza kamera.

"Minye sikuzoea bantu ba kutingishika," akasema kwa haya. "Nitapiga ingine, bule."

Béa aliishika picha muda mrefu, akaweka kidole juu ya ule moshi.

"Hapana, papa," akasema. "Acha ile ile. Angalia, iko natingishika."