Gari likichemsha, oili imwagwe? Mtani wangu aliponiambia nimwage nilijua ananiibia

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Kuna kijana humu jana kauliza kama gari liki-overheat ni lazima kubadilisha oili. Nimesoma majibu yenu nikaishia kuguna. Nusu yenu ni mafundi wa kusikia.

Haya ninayoandika niliyaona kwa macho yangu. Sina cha kuuza, na asiyeamini apite tu, hatutagombana.

Ni miaka ya mwanzo ya themanini. Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora, serikali ikanipeleka kuwa meneja wa kijiji kimoja upande wa Kilimarondo, huko Nachingwea.

Kijiji kilikuwa na lori moja. Ndilo lililobeba korosho, ndilo lililobeba wagonjwa, na likikufia mkononi unaitwa mhujumu uchumi. Vijana hamjui neno hilo lilivyokuwa linanyima watu usingizi.

Sasa ni msimu wa korosho, na magunia hakuna. Tukayafuata Ruangwa, mimi na dereva wetu Hamisi, Mmwera mtu mzima, mzaliwa wa palepale kijijini.

Nyuma tuliacha korosho zimelundikwa nje, na mawingu yameanza kujikusanya. Korosho ikinyeshewa inashuka daraja, na ile ilikuwa jasho la watu la mwaka mzima. Walikuwa wananisubiri mimi na magunia.

Magunia tukapata. Wakati wa kurudi, tulipofika Nkowe, mvuke ukaanza kufuka mbele. Paipu ya rejeta imepasuka. Geji ya joto ilikuwa imekufa zamani, kwa hiyo hatukujua injini imechemka tangu wapi.

Hamisi akaifunga paipu kwa mpira wa baiskeli. Tukasubiri injini ipoe, tukaomba maji kwa wenyeji, tukajikongoja mpaka Nachingwea mjini.

Pale nikachomoa kijiti cha kupimia oili.

Wakuu, oili ilikuwa imeongezeka!

Asubuhi ilikuwa katikati, sasa imepita alama ya juu. Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo. Msinicheke. Enzi zile hata sabuni ya kufulia tulipangia foleni, kwa hiyo kitu kikijiongeza chenyewe unakipokea kwa mikono miwili.

Hamisi akasema paipu ile haitufikishi Kilimarondo, tupitie kwa fundi Nyoni. Hapo ndipo roho ilipoanza kuniuma.

Nyoni alikuwa Mngoni wa Songea. Wangoni na sisi Wanyamwezi ni watani, na yule bwana utani alikuwa haupumzishi. Alishanivua kofia sokoni mchana kweupe akaondoka nayo, na kwa mila zetu mtani akichukua kitu huwezi kumdai. Unacheka na watu, basi.

Akachomoa kijiti, akanusa, akaangua kicheko.

"Mtumwa wangu wa Tabora, umeona wapi oili inazaa? Mwaga yote. Na usiwashe tena."

Chini ya kiti nilikuwa na debe la oili mpya, nimelipata kwa kibali baada ya kuhangaika ofisi hadi ofisi. Aliyejua lipo ni mimi na Hamisi tu.

Nikamtazama Hamisi. Akatazama pembeni.

Halafu wakaanza kuongea Kimwera wao kwa wao! Nyoni alikaa kule miaka mingi, alikisema kama mwenyeji. Mimi sikuambulia hata neno. Nikajua hapa nauzwa, wamwage oili nzuri, wabaki nayo, na debe langu nalo liliwe nusu.

Nikamwambia, "Fundi, wewe badilisha paipu tu. Tunaondoka."

"Haya washa, nikuzikie injini hapahapa. Matangani nitakula kuku wako."

Nikacheka kicheko cha mdomoni. Alipomaliza paipu nikamwambia Hamisi apande, awashe.

Nyoni akaja akasimama mbele ya lori. Akafuta mikono kwenye suruali, akasema taratibu,

"Bwana Meneja, nakuomba. Usiwashe."

Tangu nimjue, hajawahi kuniita Bwana Meneja. Nilikuwa mtumwa, nilikuwa mla mihogo, nilikuwa kila kitu isipokuwa hilo. Mtani akiacha utani, ujue kuna jambo. Niliogopa kweli.

"Hamisi, shuka."

Ila sikuwa mjinga. Debe nikalitoa chini ya kiti, nikaliweka kivulini, nikalikalia. Wao wafanye kazi, mimi nimekalia mali ya kijiji.

Nyoni akafungua nati ya chini. Yakatangulia maji. Maji kabisa! Kisha ikafuata oili, rangi yake chai ya maziwa.

Hamisi akashika kichwa. "Bwana Meneja, hii ingetufia porini."

Kumbe ile iliyoongezeka ilikuwa maji. Injini ilipochemka, gasketi ya juu, ile inayozuia maji yasikutane na oili, iliungua, maji ya rejeta yakawa yanapenya kwenye oili. Nyoni akatafuta gasketi nzima kwenye lori bovu lililolala nyuma ya gereji yake, akaisafisha, akaifunga.

Nikajiandaa kuinuka nimpe debe. Akanizuia kwa mkono, akaingia ndani, akatoka na dumu.

Oili mpya. Ya njano kama asali.

Akaimimina yote, akawasha injini kidogo, akazima, akaimwaga. Ikatoka na uchafu wa maziwamaziwa.

"Hiyo ilikuwa ya kuoshea," akasema. "Sasa inuka, mtumwa, lete ya kijiji."

Wakuu, jiulizeni. Mimi na mihuri ya serikali nimehangaika kupata debe moja, fundi wa uchochoroni anatoa wapi dumu zima la oili mpya? Kazi yangu ilikuwa kuuliza hilo swali, na kisha kulipeleka wilayani. Nilifungua mdomo kabisa.

Nikaangalia mawingu. Nikaufunga.

Tulifika kijijini, watu wakajaza magunia wakiimba. Mvua iliponyesha, korosho zilikuwa ghalani. Nilisimama mlangoni nikiisikiliza inavyopiga bati, nikafurahi mpaka machozi.

Msimu ulipoisha akaja mtu kutoka wilayani, mpole, kalamu mfukoni. Akaniuliza kama nimewahi kumwona fundi Nyoni na oili isiyo na kibali.

Mimi huyu ninayeshuku hata kivuli changu nikamjibu, "Ndugu, siku lori lilipokuwa kwake mimi nililiangalia debe moja tu, nalo nilikuwa nimelikalia."

Akaenda zake.

Sasa kijana aliyeuliza, jibu lako hili. Gari likichemsha, pima oili kabla hujawasha tena. Ikiwa imepanda, au imekuwa na rangi ya chai ya maziwa, usiwashe. Tafuta maji yanapoingilia, ziba, osha, ndipo uweke mpya. Hata kama haijachanganyika, ikinuka kuungua au imekuwa nyepesi kama maji, mwaga. Oili ni rahisi kuliko injini.

Wenye ujuzi nirekebisheni, na waliowahi kuponzwa na fundi waseme, maana najua mpo wengi.

Na kama humu yumo mjukuu wa fundi Nyoni, nakusalimu sana mtani wangu. Ila tafadhali, usije ukaniambia ile oili ilitoka wapi.