Aliyelipia Visima Hakutajwa

Siku yangu ya kwanza kazini, Sengerema, nilivaa viatu vya kisigino nikidhani afisa maendeleo ya jamii ni mtu wa mezani. Mkuu wa Idara, mzee mpole wa Kisukuma, aliitikia shikamoo yangu, akanitazama miguuni, kisha akanipa katiba ya kikundi kimoja cha wafuga kuku. Katiba ni maandishi ambamo kikundi kinaeleza kipo kwa ajili ya nini na kinajiendeshaje.

"Isome," alisema. "Ukimaliza, kavae viatu vingine uende ukawaone hao kuku."

Hakukuwa na kuku. Hivyo ndivyo nilivyojifunza ziara ya ufuatiliaji, yaani kwenda kuona kwa macho kile kilichoandikwa. Niliifanya Sengerema, nikaifanya kwa vikundi vya wanawake wa viwandani kule Nyakato, na mwisho nikapangiwa Nansio, kisiwani Ukerewe, mimi Mhaya niliyekuwa naogopa kivuko.

Huko kulikuwa na shirika lililosajiliwa kuwachimbia wajane visima. Mashirika ya namna hiyo hayatakiwi kugawana faida wala kufanya siasa, na wanaoyapa fedha, yaani wafadhili, wanapaswa kujulikana. Kazi yake ilipendwa, na mimi niliipenda. Wanawake wa mwambao walikuwa wakichota maji ziwani, penye mamba.

Uchaguzi ulipokaribia, nilikwenda kijiji kimoja siku ya kukabidhi kisima. Wanawake walivaa vitenge vyenye picha ya mwanamume aliyeketi meza kuu. Alitambulishwa kama rafiki wa akina mama, lakini kila mtu alijua ni mtia nia, mtu ambaye chama bado hakijamteua kugombea ila yeye ameshaanza kutafuta kura. Kisima kilikuwa kimechimbwa na kufunikwa kwa zege. Pampu haikuwepo.

Nilimuuliza Mama Nyangeta, mjane wa Kijita aliyekuwa mwenyekiti wa wanawake wa pale.

"Tumeambiwa italetwa baada ya uchaguzi," alisema kwa sauti ya chini. "Wakiridhika na matokeo ya kijiji chetu. Na mwezi uliopita tu mamba amemrarua mdogo wangu mkono."

Nikamfuata katibu wa shirika, bwana mmoja nadhifu.

"Nani analipia visima hivi?"

"Wenye mapenzi mema, mama."

"Wana majina?"

"Hawapendi kujionyesha."

"Mbona mmoja yuko kwenye vitenge?"

Akasema ana kikao, akaondoka.

Mkuu wangu wa Nansio, mama mmoja makini sana, alisikiliza taarifa yangu mpaka mwisho.

"Nikiipeleka kwa msajili wa mashirika, shirika litasimamishwa na pampu hazitakuja," alisema. "Utarudi kijijini kwa uso gani?"

"Kwa huu huu, mama. Naomba uipeleke."

Akaipeleka. Shirika likatakiwa kuwataja wafadhili wake. Badala ya kuwataja, likafunga ofisi na watu wake wakapanda kivuko. Mtia nia naye hakuonekana tena.

Nilirudi kijijini. Mama Nyangeta alinipa kiti, akabaki amesimama.

"Umetenda haki," alisema. "Lakini mdogo wangu bado anachota ziwani, sasa kwa mkono mmoja."

Nilianza kwenda kwenye kamati ya maendeleo ya kata kuwaombea pampu, nikaenda tena na tena, hadi mtendaji akiniona kwa mbali anavuta kiti. Wanawake wakaandikisha kikundi chao, wakauza dagaa, wakachukua pampu kwa malipo ya awamu kutoka kwa mfanyabiashara mmoja wa Kihindi mjini Mwanza. Mama Nyangeta alimuuliza mbele yangu kama anagombea chochote.

"Mimi nauza pampu tu, mama," mzee yule akajibu.

Hadi pampu kufungwa ilichukua muda mrefu. Muda wote huo waliendelea kuchota ziwani, na sikumlaumu aliyenipita bila salamu.

Sasa nimestaafu. Maafisa vijana hunieleza kwamba siku hizi fedha za siasa zinapita kwenye simu, zimevaa majina ya elimu, ya afya na ya vijana, na kwamba kumpata mwenye fedha hizo ni kazi. Ni kweli ni kazi. Ndiyo waliyoajiriwa kuifanya.

Juzi nilikwenda kijijini pale, kikundi kikichangia kisima cha pili. Nilipotoa mchango wangu, mweka hazina, mwanamke nisiyemfahamu, hakuupokea. Aliniuliza mbele ya mkutano hela imetoka wapi na mimi nataka nini. Mama Nyangeta alitazama chini akizuia kicheko. Nikasimama, nikaeleza kwamba ni pensheni yangu na sitaki kitu. Mweka hazina akawauliza wenzake kama wameridhika. Mmoja wa nyuma akasema hakusikia vizuri.

Nikarudia.