Siku Niliyosukwa Nusu Kichwa

Kuna watu hujifunza chuoni kwamba kitabu kinaweza kumponya mtu. Mimi nilijifunzia mtaani Umoja, miaka ya tisini, nimekaa sakafuni katikati ya magoti ya dada yangu, kichwa kikivutwa huku na huku. Naringa, ndiyo. Anayetaka kununa anune.

Dada alikuwa msusi. Kutoka Umoja mpaka Kayole hapakuwa na mkono mwepesi kama wake, na mdomo pia. Wateja walifuata vichekesho kama walivyofuata nywele. Kisha akajifungua mtoto wake wa kwanza, wa kiume, na mtoto akaishi siku moja tu. Kwetu Ukambani mtoto hupewa jina siku ya tatu, na huyu hakufika. Tukamzika. Watu wakamwambia dada ni mapenzi ya Mungu, utapata mwingine, wakaenda zao. Hakulia. Alirudi barazani kusuka, kimya, hali chakula vizuri, halali usingizi. Mama alikuwa akimtazama na kusema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Niliogopa kwamba tutamzika na yeye.

Nikanunua kitabu kikuukuu cha Kiingereza kando ya barabara mjini, hata jalada hakina, cha kuwasaidia waliofiwa. Nilipompa alikisukuma.

"Vitabu ni vya watu wenye nafasi. Mimi nina vichwa vya watu."

Haya! Nikamwambia basi anisuke mimi, zile nyembambanyembamba za kutwa nzima. Atakimbilia wapi na nywele zangu ziko mkononi? Nikafungua kitabu mapajani na kuanza kusoma kwa sauti, Kiingereza nakigeuza Kiswahili papo hapo.

Kitabu kilisema aliyefiwa ajilaze ndani ya bafu la maji moto.

"Bafu?" dada akauliza. "Mwambie huyo mwandishi aje na mitungi yake. Mfereji haujatoa tone tangu juzi."

Nilicheka mpaka akanipiga begani kwa kitana. Kitabu kikasema tena atembee msituni peke yake.

"Nikakabwe? Huyu anataka nimfuate mwanangu?"

Hapo hatukucheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema "mwanangu". Nikageuza ukurasa, nikanyamaza.

"Mbona umenyamaza? Soma."

"Hapa hapatuhusu, dada."

"Soma, nimesema!"

Nikasoma: mtaje uliyempoteza kwa jina lake, kwa sauti, mbele ya mtu anayekupenda. Vidole vikasimama nyweleni. Nilitamani ardhi inimeze, mimi na kitabu changu, maana mtoto asiye na jina utamtajaje?

"Alikuwa na jina," dada akasema taratibu. "Nilimpa usiku uleule, nikiwa nimempakata. Hakuna aliyeniuliza."

"Nakuuliza mimi."

Akalitaja. Silitaji hapa, ni lao wawili. Kisha akalitaja tena, kwa nguvu, vile mama humwita mtoto anayecheza nje. Ndipo akalia. Aliweka paji la uso juu ya utosi wangu, machozi yakanitiririka mpaka shingoni, na mimi sikugeuka wala sikufuta. Aki nilimpenda dada yangu siku hiyo. Mwanamke aliyempa mtoto jina peke yake na kulibeba muda wote huo bila mtu wa kumsaidia, nani kama yeye?

Alipotulia akaniambia, "Nina njaa. Nenda ukalete mkate na maziwa."

Nikatoka vilevile, upande mmoja umesukwa, mwingine umesimama wima. Vijana waliokaa nje ya duka wakaanza kelele zao.

"Niaje, siste! Kwani msusi wako alikufia njiani?"

Siku nyingine ningewatukana. Nilinyanyua mkate wangu juu na kupita katikati yao, kifua mbele.

"Msusi ako hai!" nikawaambia. "Na leo anakula!"